Ada ya Kuteuliwa

1.

Ndugu Mwanafunzi,

Hongera! Kutokana na ufaulu wako wa hali ya juu, umeteuliwa kujiunga na Jumuiya ya Heshima ya Wasomi Vijana. Ni wachache wanaopata nafasi hii. Tafadhali lipa ada ya uanachama, shilingi 180,000, ndani ya siku saba. Baada ya hapo uteuzi wako utafutwa.

2.

Mimi ni Hyasinta Komba, mwaka wa tatu, takwimu. Barua ile niliisoma mara nne, nimesimama kwenye korido ya maktaba, watu wananipita. Tangu nifike chuoni kila ujumbe ulikuwa wa kunidai kitu: fomu, picha ndogo, kitambulisho. Huu ulisema hongera.

Wewe usingempigia baba yako?

3.

Simu, Songea. Mwalimu Komba, mstaafu. Miaka thelathini na moja alifundisha darasa la tatu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama. Mbona unahema?

— Nimeteuliwa.

Nikamsomea yote.

— Rudia hapo pa "wachache".

Nikarudia.

— Hela itakuja Ijumaa.

— Baba, kama haipo—

— Nimesema itakuja.

4.

Nilichopata:

cheti
beji
jina langu kwenye tovuti
punguzo la asilimia kumi katika hoteli za nchi ambazo sijawahi kufika

Ufadhili wa masomo: "endelea kufuatilia".

5.

Foleni ya chakula. Salha, tunayelala naye chumba kimoja, anamwambia mwenzake:

"Hata mimi wameniteua. Mimi! Na masomo mawili ya kurudia."

Wakacheka. Nikacheka nao.

6.

TANGAZO

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi inapenda kuwataarifu kwamba chuo hakijatoa matokeo ya mwanafunzi yeyote kwa jumuiya za nje, wala hakitambui vyeti vya jumuiya hizo. Wanaojiunga wanafanya hivyo kwa hiari na kwa gharama zao.

Gharama zao.

Zao.

7.

Ujumbe wa sauti, kutoka kwa mama:

"Hyasinta, baba yako alinikataza kukwambia. Ile presha ya macho, unaijua. Dawa ya matone anatakiwa anunue kila mwezi. Hela yake akakutumia wewe, akasema miezi miwili si kitu, mbona anaona vizuri tu. Mwezi wa kwanza akaanza kujigonga kwenye fremu ya mlango. Wa pili akamimina chai mezani, akaniambia nimekisogeza kikombe. Nikampeleka hospitali. Daktari anasema lililopotea halirudi. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limebaki kuona vivuli. Sikulaumu, mwanangu. Njoo tu."

8.

Unataka nikuambie usijiunge. Sijui una nini mfukoni, wala una nani nyumbani. Wapo waliolipa wakasahau kesho yake, na cheti kinapendeza ukutani. Mimi nilijifunza kupima mambo kwa namba, ila nikijaribu kulipima hili—

9.

Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, amevaa shati la kanisani.

"Umekuja na cheti?"

Nikampa. Akapitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, kama anayekagua daftari.

"Herufi zimeinuka," akasema. "Hawa wametumia karatasi nzuri. Nisomee."

Nikaanza. *Hii ni kuthibitisha kwamba.* Nikaishia hapo.

"Endelea."

"Baba, waliteua kila mtu."

Kidole kikasimama.

"Kila mtu?"

"Hata waliofeli. Chuo hakiwajui. Wanauza tu."

Mama, aliyekuwa anapepeta mchele uani, akaacha.

 



 

"Na wewe ulifaulu?" akauliza.

"Nilifaulu, baba. Wa tatu katika darasa zima."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuuliza." Kisha nikaona aibu. "Sikudhani ni jambo la kupigia simu."

Akatikisa kichwa polepole. Kidole kikaanza kutembea tena, kikashuka hadi mstari wa katikati, pale wanapoweka jina. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwarudisha watoto ubaoni kwa sababu ya herufi moja.

"Na jina lako? Wameliandika sawasawa?"

Nikatazama.

HIASINTA KOMBO.

Alikuwa amenigeuzia uso, anangoja. Macho yake yalikuwa yananitazama begani.

"Baba," nikasema, "wameliandika sawasawa."