Kidonge cha Nne cha Mzee Sugden

Hapa Heckley, mji wetu mdogo wa Uingereza, watu hawaachi dawa bila tiki. Zahanati yetu humpa kila mwenye maradhi ya kudumu karatasi yenye orodha ya dawa zake. Kila baada ya wiki nne anatakiwa atie tiki kwenye zile zilizokwisha tu, aitumbukize karatasi kwenye sanduku la mlangoni, na baada ya siku mbili za kazi akachukue mzigo wake duka la dawa. Zilizokwisha tu! Nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa na sijamwona anayefuata maneno hayo. Wanatia tiki zote, kwa sababu mji mzima unaamini kwamba dawa usiyoiomba utafutiwa, na ukishafutiwa hupati tena. Bibi mmoja alipofariki, wanawe walikuta kabatini kwake mirija kumi na saba ya dawa ya upele, na upele wenyewe ulikwisha zamani.

Kwa hiyo karatasi ya Mzee Clifford Sugden iliponijia mwezi wa nne ikiwa na tiki sita badala ya saba, niliigeuza nikatazama na nyuma yake. Mzee huyu ni seremala mstaafu wa miaka themanini na moja, hutia tiki kwa ile penseli bapa ya kazi yake. Aliyoiruka ni namba nne: kidonge cha kutoa maji mwilini, kimoja kila asubuhi, ambacho moyo wake uliochoka hauwezi kukikosa. Mwezi wa tano akairuka tena. Wa sita, vilevile.

"Labda amepona," alisema Beryl, mwenzangu wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Moyo si mafua, Beryl."

"Basi ana akiba. Pilipili usiyoila yakuwashia nini, Janice?"

Ilikuwa inaniwasha. Nikasema ni kazi yangu kujua, lakini ukweli ni kwamba mimi nikiona jambo halikai sawa silali. Nikampigia simu.

"Ninavyo tele, mwanangu," alisema mzee kwa adabu zake zote. "Wape wanaohitaji."

Vidonge ishirini na nane alivyopewa mwezi wa tatu, mpaka mwezi wa sita viwe tele? Vilikuwa vinazaliana?

Alhamisi alipokuja mwenyewe kumnunulia mkewe kitu pale kwa mwoka mikate wa jirani, nilimwona dirishani. Kamba za viatu zilikuwa wazi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na baada ya kila hatua tano alishika ukuta akavuta pumzi. Nilimwambia Beryl nakwenda kula chakula cha mchana, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Beryl alicheka tu.

Nilimkuta kituo cha basi, amepakata mfuko wa karatasi wenye andazi la maziwa. Nikaketi kando yake.

"Mzee Sugden, kile kidonge cha nne unakitupa wapi?"

"Ala! Siku hizi mnatufuata mpaka barabarani?"

"Leo tunafuata. Niambie tu, nimeshindwa kufanya kazi."

Alitazama kule vilipo vyoo vya kituo. Halmashauri ilivitia kufuli tangu majira ya baridi, na tangazo la kuomba radhi limeshachakaa.

"Naenda kwa Muriel kila siku," alisema. "Mabasi mawili, saa nzima na dakika kumi. Kidonge kile nikikimeza asubuhi, hakinipi hata nusu saa. Mwezi wa tatu kilinishika ndani ya basi." Masikio yalimwiva. "Suruali yote, mwanangu. Mbele ya watoto wa shule. Nikashuka njiani nikarudi kwa miguu, na siku hiyo Muriel hakuniona."

Muriel, mkewe, yuko nyumba ya kutunzia wazee, bonde la pili. Amekwisha kuwasahau dada zake na mtoto wao wa kiume.

"Mimi bado ananijua," alisema mzee. "Lakini nikikosa siku mbili tatu, sijui. Siwezi kujaribu nikaona."

"Sasa kwa nini hukumwambia daktari?"

"Kwa habari za kukojoa? Daktari ana wagonjwa wa kweli."

"Si ungekimeza mchana basi, ukisharudi?"

Alinitazama kama niliyemwambia aibe kanisani. "Imeandikwa *asubuhi*, Janice."

Hapo hasira ilinipanda, na huruma nayo ikapanda pamoja nayo. Miezi mitatu mtu anajaa maji kimyakimya, kwa sababu ya neno moja lililochapwa kwenye boksi na adabu ya kutotaka kumsumbua mtu! Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kwetu tumefanya kuficha kuwa ustaarabu. Nilimwambia nitampeleka kwa Muriel kwa gari langu, lakini kwanza tupite kwa Daktari Pickles. Alikubali baada ya kuniapisha kwamba andazi halitapoa.

Daktari alimsikiliza mapafu kwa muda mrefu, akamtoa damu ya kupima.

"Wiki mbili zaidi, Mzee Sugden, ungekuwa umelazwa," alisema. "Muriel angemwona nani?"

Mzee alijifuta macho kwa kofia.

"Kwa kawaida unarudi saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Basi kimeze saa nane." Daktari akageukia kompyuta, akafuta *asubuhi*, akaandika: *Kimoja, ukirudi kutoka kwa Muriel.* Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilimpeleka mzee bonde la pili. Muriel alimwona mlangoni, akamwuliza kwa nini amechelewa.

Wiki nne zilizofuata Beryl alinitania kila siku, ananiita askari kanzu. Kisha karatasi ikaja. Tiki saba, zote zimenyooka. Na pembeni ya namba nne, kwa penseli ile bapa, herufi ndogondogo:

*Jumapili huwa nakaa kwake mpaka chai ya jioni. Je, kidonge kinaweza kuningoja? Samahani kwa usumbufu.*

Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Beryl, naye safari hii aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Mzee ametuletea karatasi kwa miaka kumi na minne, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Niliacha chai yangu mezani nikaenda nalo moja kwa moja kwa daktari.