Sanduku la Mashine

Bi Ummulkheir hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Mji wa Kale mzima ulimjua kwa masanduku ya maharusi. Akipewa kazi ya kupanga sanduku, kila kitu kilikuwa seti kamili, na siku ya kulifungua mbele ya wanawake hata mwenye jicho kali alikosa pa kuchokoa. Basi Manar, binti wa kaka yake, aliponunua mashine kuukuu ya kuchongea vyuma kutoka karakana iliyokuwa ikifungwa kule Mbaraki, shangazi aliizunguka mara moja na uso ukamkunjamana.

"Haikai nyumbani kwangu uchi namna hii," alisema. "Sanduku lake n'talipanga mimi."

Kweli ilikuwa uchi. Ilikuja na mota, meza ya chuma na kichwa cha kuzungushia kisu, basi. Manar alikuwa fundi wa cherehani, na alikuwa amechoka kuwarudishia watu cherehani zao za zamani akiwaambia kipuri hakipatikani tena. Sasa alitaka kuvichonga vipuri mwenyewe. Lakini mashine ilikaa katika chumba cha chini cha shangazi yake, na chumba hicho Saif, mwana wa Bi Ummulkheir, alikitaka kwa kuwekea magodoro yake ya biashara.

Bi Ummulkheir alikata shauri mbele ya wote. Jumapili baada ya alasiri watashuka chini kutazama. Mashine ikichonga kitu cha maana, chumba ni cha Manar. Isipochonga, Saif ataingiza magodoro. Na akishatamka neno mbele ya watu, mama huyu harudi nyuma, hata kwa anayempenda.

Siku ya pili sanduku likaja. La mbao, lina bitana nyekundu ndani, na visu ishirini vimelala vikimeremeta rangi ya dhahabu, kuanzia kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti hadi kimoja kinene kama kidole gumba.

"Mashallah," alisema Manar, na moyo ukamshuka. Vile vinene havikuingia kabisa katika kichwa cha mashine yake ndogo. Vibaya zaidi, jiliwa ya kubania chuma kinachochongwa haikuwamo, na akiba ya shangazi ilikuwa imekwisha kwenye ile dhahabu ya kupakwa. Angesema nini? Zawadi ya sanduku hairudishwi. Bibi harusi hurudisha sanduku akiwa amemkataa mume.

Akanyamaza. Hilo lilikuwa kosa lake, na mimi simtetei. Ijumaa alifunga kipande cha shaba juu ya meza kwa vibanio vya seremala, akawasha. Kisu kilipogusa tu, shaba ilichomoka, ikapiga ukuta karibu na shavu lake, na kisu kikakatika vipande viwili. Alizima mashine, akaketi sakafuni, akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa woga.

Saif alichungulia mlangoni. "Usalama?"

"Usalama."

Akaupima ukuta kwa macho, kimo na upana, akaenda zake.

Hapo Manar alipiga moyo konde. Alimkuta shangazi jikoni akikaanga mahamri, akasimama kando hadi alipoulizwa ana nini.

"Shangazi, mtu akimpa bibi harusi viatu jozi ishirini, na kitanda asimpe, wewe wasemaje?"

"N'tasema aliyepanga sanduku hilo ni mpumbavu." Bi Ummulkheir aligeuza hamri moja, kisha mkono ukasimama hewani. Akamgeukia Manar. "Ni mimi?"

"Ni mimi niliyenyamaza, shangazi. Niwie radhi."

Bi Ummulkheir aliepua karai, uso umemwiva, na Manar akajua amemuumiza. Lakini asubuhi yake, mama mtu mzima alikuwa tayari ukumbini, buibui mwilini, sanduku kwapani.

Zein mwenye duka la vifaa, aliyeuza visu vile, alianza kukataa kabla hawajaketi. "Kitu kilichotoka hakirudi, bibi. Tena kimoja kimevunjika."

"Kilichovunjika ni changu. Zein, sanduku la mkeo alipanga nani?"

"Ni wewe."

"Na mamako alipokuja kulia kwamba kanga hazikumpendeza, nilimwambia kitu hakirudi?"

Zein alicheka akashindwa, akakubali kubadilisha. Akawaonyesha jiliwa mpya inayong'aa, na Bi Ummulkheir akaishika papo hapo. Manar akaomba karatasi. Alichana vipande viwili, akaweka kimoja kila upande wa mdomo wa jiliwa, akaibana. Kipande kimoja kilikataa kutoka, cha pili kilichomoka kwa kidole kimoja.

"Mdomo umekwenda upande," alisema. "Chuma kitacheza humu."

Walijaribu ya pili, ikawa vile vile. Ya tatu ilikuwa kuukuu, imetoka karakana nyingine, rangi imebabuka, na karatasi zote mbili zilichanika kabla ya kuachia. Manar akaikumbatia. Kisha akachagua visu vitatu vya kijivu vya kipimo kimoja na kishikio cha kuvibana. Vingine vitangoja.

"Mbona vitatu sawasawa?" aliuliza shangazi.

"Kwa sababu viwili n'tavivunja nikijifunza."

"Lo! Basi angalau wasema kweli."

Jumapili walishuka wote, na wanawake wa jirani pamoja nao. Bi Ummulkheir alifungua kanga aliyovifungia vifaa vile, akainua kitu kimoja kimoja juu kama afanyavyo kwa maharusi. "Hii jiliwa! Kuukuu, na mdomo wake umenyooka kuliko wa wengi wenu! Hivi visu, vitatu, havina haja ya dhahabu!" Wanawake wakapiga vigelegele wakicheka, na Manar akacheka nao.

Akabana shaba, akawasha. Kisu kiliingia taratibu, na vumbi la manjano likaanza kumwagika mezani. Hakuna kilichoruka. Alipima, akapunguza kidogo, akapima tena, kisha akakifunga kile kipuri kwenye cherehani ya jirani yao Jannat iliyolala kimya tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Jannat mwenyewe akaketi, akaweka kitambaa, akakanyaga. Mshono ukatoka umenyooka.

Watu walimgeukia Saif. Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Aliutazama ule mshono, akautazama tena kwa karibu, akauvuta kwa vidole aone kama utaachia. Haukuachia.

"Ile cherehani yangu ya kushonea mifuko ya magodoro," alisema polepole, "ina mwaka haifanyi kazi. Niilete lini?"

Manar akamwonyesha kona, ile kavu karibu na dirisha, aiweke hapo.