Pilipili Manga Kwenye Pai ya Boga

Boga lilikuwa gumu kama kisigino cha mkulima, basi Bucha akalipiga kwa shoka lake la kukatia mifupa. Pigo la kwanza likazama, la pili likalipasua, mbegu zikaruka mpaka ukutani. Mdogo wake, fundi bomba, alimtazama tu kwa chuki. Tangu mama yao apofuke, ni yeye fundi aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Huyu mwingine, mtu mzima mwenye duka lake la nyama, alikuja kwa kuitwa, na kumwita kwenyewe mpaka uchoke. Leo kaingia na macho makavu, kavaa aproni ya mama, anatoa amri.

Shida ilikuwa moja, nayo ilitosha. Mama hakuwa ametia kitu tumboni tangu juzi. Uji alitema, supu alitema. Daktari alishasema bila kuzunguka: asipokula, mtampoteza. Asubuhi hiyo mama akanong'ona kwamba labda pai yake ya boga ingepita. Fundi hakungoja aambiwe mara mbili. Alikanda unga na siagi, akautandaza kwenye bati, akaulazia maharage makavu juu usije ukavimba, akauoka. Ganda la pai likatoka zuri, akaliweka mezani lipoe.

Boga likachemshwa, likapondwa, likarudishwa motoni na sukari likauke. Hapo mwenye akili hukaa mbali na sufuria, maana boga likichemka hutema, na likikugusa hunata. Fundi akatia mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga, akakoroga kwa mwiko mrefu.

"Pilipili manga je?" Bucha akauliza.

"Mama hatii pilipili."

"Anatia. Nilikuwa namsagia mimi kabla wewe hujazaliwa."

"Kaka, mama huyu naishi naye mimi. Wewe unamjua kwa kuhadithiwa."

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa jikoni siku ile. Bucha alicheka kwa dharau, akanyakua kopo la pilipili, akamimina. Fundi akamtandika ngumi ya mdomo.

Bucha akatema damu, akamkaba mdogo wake koo, akamgongesha kichwa kwenye kabati. Kisha, bila kuliachia koo, akaubana mkono wa kushoto wa Fundi kwenye droo na kuisukuma kwa nyonga, kwa uzito wake wote. Vidole vikavunjika, vikasikika. Meza ikapinduka, ganda la pai likaanguka na kukanyagwa. Na Bucha alikuwa anaua kweli, msidhani ni utani wa ndugu. Fundi, pumzi zikimwishia, akapapasa kwa mkono mzima, akaupata mwiko, akachota boga la moto sufuriani, akamvurumishia kaka yake usoni.

Bucha kwanza alijaribu kujifuta, na ngozi ya shavu ikafuata kiganja. Ndipo akanguruma, akakimbilia ndoo ya maji na kuzamisha kichwa kizima.

"Mnagombana nini huko?" Mama akaita kutoka chumbani. "Hicho kinachonukia mbona hamniletei?"

Fundi akaokota kipande cha ganda kilichosalimika juu ya kiti, akakipaka boga lililobaki sufuriani, akakipuliza, akampelekea. Mama akatafuna. Akameza. Akafungua mdomo tena. Fundi machozi yakamtoka kwa furaha, hata vidole akavisahau.

"Ina pilipili yake," Mama akasema. "Huu mkono wa kaka yako. Wewe una huruma, mwanangu, lakini kupika hukujaliwa. Mwite nimshike."

Bucha alikwisha kufika mlangoni, taulo lililolowa mkononi, jicho moja limefumba, shavu likichuruzika. Hakumtazama mdogo wake. Alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda.

Mama akanyoosha mikono yote miwili, akampapasa taratibu kama alivyozoea kuwatambua watu: paji la uso, pua, kisha shavu. Akalishika kwa kiganja kizima, akalibonyeza kwa mapenzi. Mishipa ya shingo ilimsimama Bucha, akauma mdomo wake uliopasuka, wala hakutoa sauti.

"Mbona umelowa, baba? Na una joto hivi?"

"Nilikuwa jikoni, mama," akajibu.