Nyamizi Apimwa kwa Sikio

Niliota usiku wa jana niko ofisini kwa Mwalimu Kasubi, mkuu wa shule anayosoma binti yangu Nyamizi. Nimekuja kuomba apimwe na wataalamu wa elimu maalumu. Yuko darasa la tatu. Hadithi akiisikia mara moja anakusimulia yote, lakini akifunguliwa kitabu jasho linamtoka. Wanamwita mvivu, na muhula ujao wanataka kumrudisha chekechea. Hasira nilizokuwa nazo zingetosha shule nzima.

"Mama Nyamizi, mtoto alishapimwa," anasema mkuu. "Siku ya kuandikishwa alipitisha mkono juu ya kichwa, akashika sikio la upande wa pili. Unataka kipimo gani tena?"

"Kile kilionyesha amefikia umri wa kuanza shule, mwalimu. Mimi naulizia kusoma."

"Haya, turudie."

Kengele ya shule, ile rimu ya lori, inaingia bila kubisha hodi na kuvuta kiti. Kumbe ni mjumbe wa kamati. Nyamizi anaitwa, anapitisha mkono, anashika sikio.

"Mzima kabisa huyu," inasema rimu. "Achapwe tu. Mimi nachapwa kila siku na sijawahi kuchelewa kazini."

Nikasema hapa sitoki ng'o. Ofisi ikaona aibu, ikaondoka yenyewe, tukabaki tumesimama ndani ya darasa la tatu.

Ubao unakohoa vumbi la chaki. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwanao si mvivu. Akizitazama herufi zangu, zinakimbia. Nimelisema hili kwenye kila kikao."

"Ubao hauna cheti cha ualimu," anadakia mkuu.

"Basi tazama mwenyewe!" Namshika mabega, namgeuza. Herufi zinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. *D* inapinduka, *a* inajificha nyuma ya mlango. Nyamizi anazifukuza huku akilia, na hakuna hata moja inayomsubiri.

Mkuu anafumba macho. "Sijaona kitu. Nikiona, itabidi niite wataalamu, na wataalamu wakija itabidi tuwapikie wali."

Hapo nikaangua kilio. Uchungu ulinishika, maana mtoto anahangaika mbele yetu na watu wazima tunajadili wali. Herufi moja, *b*, ikanionea huruma. Ikaruka kutoka ubaoni, ikanidandia kwenye kitenge.

"Nipeleke nyumbani," ikasema. "Nimechoka kumsababishia mtoto viboko."

Nikaamka. Kumekucha, na Nyamizi amesimama kando ya kitanda na sare yake ya shule. Macho yake yako kwenye pindo la kitenge nilichojifunika. Nikatazama na mimi. Palikuwa na alama ndogo nyeupe, na nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na chaki.

Nikanyoosha kidole kuifuta. Akanidaka mkono.

"Usiifute, mama, ishike!" akasema. "Ndiyo hiyo inayonikimbiaga!"