Fungeni, Alisema Kocha

Fergus Laidlaw hakujua kwamba mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa la ulimi wake mwenyewe. Alicheza mpira wa kulipwa kwao Uskoti miaka kumi na moja, beki wa kati, pua imevunjika na kunyooshwa vibaya, kisha akavuka bahari kwenda kumalizia miguu yake Buffalo, kwenye timu ya mpira wa ukumbini. Goti lilipogoma, wakampa ukocha. Wakamvumilia msimu mmoja tu. Mwenye timu alimwita akamwambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi, kwamba wachezaji hawaelewi anachosema.

Na Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake! Ila ni Kiingereza cha kwao, kinachomeza nusu ya neno na kuisaga nusu nyingine menoni. Wamarekani walikuwa wakimtazama mdomoni kama watu wanaotafuta stesheni redioni. Fergus aliondoka Buffalo na hasira ambayo hakuipeleka popote, ikakaa naye.

Akaangukia Louisville, kwenye ghala moja la Jeffersontown, kupakia mizigo kwenye malori. Huko ndiko alikokutana na Warundi waliokulia kambini Tanzania na Wakongo wa Kivu, na hao walipogundua kwamba yule Mzungu mwenye pua iliyokwenda upande aliwahi kulipwa ili apige mpira, hawakumpa nafasi ya kupumua. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa kocha wao, kila Jumanne na Alhamisi, kwenye uwanja wa bustani ya Iroquois. Walimwita Kocha Ferigusi. Malipo yalikuwa ugali wa Jumapili na heshima tele.

Shida ilikuwa Aloisi. Aloisi alikuwa Mrundi, mzee wa kanisa, na ndiye mkalimani. Kiingereza cha Fergus alikielewa, sijui kwa neema gani, lakini alikuwa na tabia ya kurefusha. Fergus akisema "bana winga wao," Aloisi anasimama, anakohoa, anaanza kueleza ubaya wa winga, umuhimu wa kubana na faida ya umoja.

"Nimesema maneno matatu!" Fergus alikuwa akilalamika. "Wewe umehubiri!"

"Kocha, maneno yako ni makavu. Nayalainisha."

Basi, mwaka 2015 ikaja bahati. Klabu moja ya Columbus ilitafuta kocha wa vijana, kazi ya kweli, ya mshahara. Mkuu wa vijana wao, Bwana Whitcomb, alisikia kuna Mskoti anayepeleka timu ya wakimbizi kwenye mashindano huko huko Columbus, akaahidi kuja kutazama. "Sitazami kombe," alimwandikia. "Nataka kuona unavyozungumza na wachezaji wako."

Fergus alisoma ujumbe ule akauchukia na kuupenda kwa pamoja. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuna mwingine ambaye angekuja kumtazama. Akaamua: siku hiyo hapiti kwa Aloisi. Atasema kwa kinywa chake, kwa Kiswahili, na Whitcomb ataona watu wanasikia na kutii.

Akajifunza kwa bidii. Kimbia, rudi, toa pasi, angalia kushoto. Maneno mengine aliyaokota ghalani kwa Cikuru, Mkongo wa Bukavu, beki wake wa kulia. Lori likijaa, Cikuru alikuwa anapaza sauti, "Funga!" na mlango unashuka, pwaa, hakuna kitu kinachoingia tena. Fergus alilipenda sana neno hilo. Beki gani asingelipenda?

Mechi ya nusu fainali ilikuwa dhidi ya vijana wa Kinepali wa Columbus, wepesi balaa. Whitcomb alikaa hatua chache kutoka benchi, miwani ya jua usoni. Na mambo yalikwenda! Fergus alipaza "rudi!" watu wakarudi. Alipaza "pasi!" ikatoka pasi. Nestori, mshambuliaji wa Kirundi, alifunga mawili kabla ya mapumziko. Wanepali wakarudisha moja. Zikabaki dakika kumi, mbili kwa moja, na Fergus alihisi kazi ile ipo mfukoni.

Alichotaka sasa ni kitu kimoja tu, kile alichokifanya maisha yake yote: kukaa nyuma, kuziba, kushusha mlango. Aloisi alikwishasimama, amekwishakohoa. Fergus alimzuia kwa mkono kifuani.

"Acha. Nasema mwenyewe." Akajaza mapafu. "Fungeni! Wote! Fungeni!"

Timu ikapasuka katikati kama kitambaa.

Warundi, wachezaji watano pamoja na kiungo wa kati, walitimka mbele na Nestori, kila mmoja akitafuta bao. Wakongo walirudi mbio wakajipanga mstari mmoja mbele ya golikipa. Katikati ya uwanja hakubaki hata mtu mmoja. Wanepali walisimama kidogo, hawaamini, halafu wakaingia.

"Fungeni!" Fergus alipiga kelele. "Fungeni, fungeni!" Na kila alivyopaza, Warundi walizidi kwenda na Wakongo walizidi kurudi. Mbili kwa mbili. Kisha tatu kwa mbili. Kipenga.

Nestori na Cikuru walifika benchi wameshikana fulana.

"Kocha kasema tufunge, tukaenda kufunga!" Nestori alifoka. "Nyie mmelala nyuma huko!"

"Na siye tulifunga!" Cikuru alijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, akiwanyooshea Warundi kidole. "Donc bale beko benyewe banaenda wapi? Kwetu goli banatiaka. Kufunga njo mlango!"

"Mlango gani uwanjani, wewe?"

Aloisi aliwatenganisha, akamgeukia Fergus akamweleza taratibu, na kwa mara ya kwanza hakurefusha. Wote walikusikia, Kocha. Wote wametii. Kwa Mrundi wa kambini neno lile ni kutia bao, kwa Mkongo ni kuziba.

Fergus alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, akaona aibu. Miaka yote ile hakuna timu iliyowahi kumtii namna hiyo. Whitcomb alikuwa amefika, miwani mkononi, uso wa mtu anayewahi gari lake.

"Wamenielewa!" Fergus alimwambia, Kiingereza chake chote kikimtoka kwa pamoja, kimepandana kwa hasira. "Kila mmoja wao! Umeona mwenyewe! Kosa ni la neno, si langu wala si lao. Nipe wiki moja tu na vijana wako, utaona."

Whitcomb alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Aloisi.

"Anasemaje?"

Aloisi alimtazama Kocha, akamtazama yule bwana, akatafsiri Kiingereza kwa Kiingereza, neno kwa neno. Whitcomb aliitikia kwa kichwa.

"Mwambie tutampigia simu," akasema, akaenda zake.

Aloisi, kwa mazoea ya kazi yake, alimgeukia Fergus akamwambia kwa Kiswahili.

"Kocha, anasema watakupigia simu."

Fergus alielewa kila neno.