Shuka la Picha Kumi na Mbili

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili, mwenzake hushika pembe mbili, wakalivuta mpaka likanyooka, kisha wakaendeana pembe kwa pembe. Ukimwona mtu anakunja shuka peke yake, ujue ama ni mgeni wa kazi, ama amegombana na wenzake. Sheria hiyo haikuandikwa popote ukutani, lakini kila mtu mle ndani aliijua. Fundi aliijua kuliko wote, maana alikuwa ameitazama kwa miaka ishirini na mmoja akiwa nyuma ya cherehani yake.

Fundi kazi yake ilikuwa kushona vilivyochanika: mashuka, majoho ya wapasuaji, mapazia ya wodini. Kamera aliinunua kuukuu, imebanwa ubavuni kwa gundi ya karatasi, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakinunua miwani ya kusomea. Walimcheka, watamwachaje? Mzee wa Boila, aliyekuwa akichemsha maji ya kufulia, alimwuliza kama amehamia idara ya upelelezi. Fundi aliinua kamera yake. Alipiga picha.

Alipiga utando wa buibui uliotandwa kati ya kamba mbili za kuanikia, umejaa umande wa asubuhi. Alipiga ukoga wa kijani ulioota kando ya mtaro wa maji ya sabuni, ambao ukiinama ukausogelea unauona msitu mzima, na vilima vyake na mabonde yake. Alipiga ndege waliojipanga juu ya kamba tupu siku ya Jumapili. Alipiga mashuka yakijaa upepo, na mikono ya wenzake ikikamua, mishipa imewatoka. "Miaka yote hii nimepita hapa macho nimeyatia mfukoni," alimwambia dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa pale pale, kwenye pasi ya mvuke. Pasi hiyo ndiyo iliyomlipukia zamani ikamuunguza shavu la kushoto, sikio, mpaka shingoni. Kovu lake watu hulitazama kwanza, kisha hujifanya hawakulitazama. Katika picha zote za ukoo Dada alikuwa ukingoni kabisa, amegeuka, kama aliyeitwa na jirani. Fundi alipomwomba ampige, alikataa mwezi mzima. Halafu siku moja, bila kuulizwa, akasema:

"Haya, nipige. Lakini sikia, mdogo wangu. Usinipige peke yangu. Nikiwa peke yangu watu wataona kovu, watanihurumia, wataenda zao. Nipige kazini, na wenzangu. Hapo ndipo watakaponiona mimi."

"Nakuahidi, Dada."

"Ahadi zako za mdomo nazijua tangu utotoni. Fanya nione."

Ndipo Fundi akatimiza kwa sindano. Alichagua picha kumi na mbili, akazipeleka studio zikasafishwa kwa ukubwa wa sinia ya chai. Kisha, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kushikisha kitu na kitu kingine kwa njia nyingine, alizishona kwa cherehani juu ya shuka kuukuu lililokwisha kuondolewa kazini, safu tatu, picha nne nne. Picha ya saba ilikuwa ya Dada. Anacheka hasa, meno yote nje, mwanga wa dirisha la juu umemwangukia kovuni kama ulivyoangukia kila kitu mle ndani, na mikono yake miwili imeshika pembe mbili za shuka. Picha ya nane, ubavuni pake, ilikuwa ya Mama Pacha, mwenzake wa kukunja mashuka, ameshika pembe mbili za upande wa pili. Fundi alizishona zikigusana, hivi kwamba shuka lile la kwenye picha lilitoka mikononi mwa Dada, likavuka mshono, likafika mikononi mwa Mama Pacha. Alipomaliza alilitandaza sakafuni, akalizunguka mara mbili, akajiambia kwa sauti kwamba ni zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Sasa, kulikuwa na chama cha wapiga picha wa ridhaa kilichokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa maktaba. Mwenyekiti wake alikuwa mstaafu mmoja ambaye kila mtu alimwita Bwana Lenzi, kwa sababu alitembea na lenzi nne zikimning'inia, na hakuna aliyewahi kumwona akibadilisha hata moja. Chama kiliandaa maonyesho yaliyoitwa Uzuri Unaotuzunguka. Wanachama walileta machweo. Machweo tisa, ukijumlisha na yale yaliyokuwa macheo na mpiga picha kasahau. Waliyatia yote kwenye fremu za kioo, yakaangikwa ukutani kwa mstari.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya ufunguzi, Fundi aliingia na shuka lake begani.

"Umetoboa picha!" alisema Bwana Lenzi.

"Nimeshona."

"Mama, picha haishonwi. Picha inatiwa fremu. Hili ni kosa ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe."

"Basi leo umeliona," alisema Fundi. "Na mshono wangu haufumuki, kwa hiyo tutalizoea."

Mkutubi, mwanamke mpole aliyekuwa na funguo za ukumbi, alicheka kwa pua. Hakuna msumari ambao ungelibeba shuka lile, akaleta kamba, wakalitundika katikati ya ukumbi kati ya nguzo mbili, likining'inia wazi mbele na nyuma. Bwana Lenzi alilipitia kwa kulalama, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya saba akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo picha. Hizi nyingine ni kufua tu. Ikate, tuitie kwenye fremu peke yake. Nitaipa jina Kovu. Mateso yote yamo humu. Waamuzi wanaochagua picha bora watalia, nakwambia, na itakwenda mji mkuu kwenye maonyesho makubwa."

"Anacheka," alisema Fundi.

"Nani?"

"Dada yangu. Hapo anacheka. Huyaoni meno?"

"Ndiyo maana inauma zaidi."

Tusimpambe Fundi kwa sifa asizokuwa nazo. Alitaka. Kazi ya mtia viraka ni kutoonekana. Kiraka kizuri ni kile ambacho mgonjwa hulalia asijue. Tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kitu chake ili akitazame vizuri zaidi, na huyu hapa, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa amefuta miwani. Mji mkuu! Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wake, kama kawaida, na mkono wake ulikwenda mpaka kwenye zipu. Hapo akamkumbuka Dada akisema watanihurumia, wataenda zao, na akaona aibu.

"Sikati," alisema.

"Mkasi unao."

"Ninao, na sikati. Likiangikwa, liangikwe zima. Likitolewa, litolewe zima."

Bwana Lenzi alimtazama kwa huruma, kama watu wazima wanavyowatazama watoto wanaokataa dawa. Fundi aliudhika, lakini alikwenda zake nyumbani akidhani maneno yamekwisha.

Kesho yake alikuwa na zamu ya asubuhi. Maonyesho yalifunguliwa saa nne, na wafuaji walikuwa wamekubaliana kwenda pamoja saa nane, wakishaoga na kubadili nguo. Fundi alitangulia. Aliingia ukumbini saa saba na nusu, akaona katikati ya shuka lake pana tundu.

Lilikatwa kwa wembe, nje kidogo ya mishono, na aliyekata hata kukata kwenyewe hajui: mstari umekwenda mrama, na nyuzi zimeanza kufumuka. Mama Pacha alikuwa ameshika pembe zake mbili, anavuta, na upande wa pili hakuna mtu. Fundi aligeuka. Kwenye ukuta wa mbele, chini ya taa, ndani ya fremu nyeusi, alikuwepo Dada peke yake. Ili atoshe kwenye fremu alikuwa amepunguzwa pande zote. Uso ulibaki. Mikono haikuwepo. Chini ya fremu yenyewe palibandikwa karatasi iliyoandikwa KOVU, na jina la Fundi likafuata, bila kosa hata la herufi moja. Mbele yake alisimama bibi mmoja mwenye mkoba wa ngozi, mkono kifuani, akisema taratibu, "Maskini. Maskini wa Mungu."

Fundi alimwendea Bwana Lenzi, aliyekuwa amesimama kando ya fremu.

"Nilikwambia sikati!"

"Na hukukata," alisema Bwana Lenzi. "Nimekata mimi. Kuna siku utanishukuru."

"Vipande vingine viko wapi?"

"Vipande gani?"

"Mikono ya dada yangu!"

Mkutubi, ambaye asubuhi ile alikuwa mlangoni akipokea wageni, alikuja mbio akaona, akashika kichwa. Alikwenda nyuma ya meza akainamia kapu la taka. Kapu lilikuwa tupu, lilikwisha kumwagwa. Fundi aliishusha fremu kutoka ukutani mbele ya watu wote, akasimama nayo, na hakujua aipeleke wapi. Kuishona tena isingewezekana. Ameshona mashuka yaliyopasuliwa kwa makasi ya wauguzi, yaliyoliwa na panya, yaliyoungua kwa pasi, lakini vidole vilivyotupwa havina kiraka. Alilia, na kulia mbele ya Bwana Lenzi kulimuuma kuliko tundu lenyewe.

Hapo ndipo walipoingia wafuaji. Walikuwa tisa, wamepiga pasi mpaka soksi, kama inavyowapasa. Mzee wa Boila alivaa koti. Mama Pacha alikuwa anacheka kabla hata hajaona cha kumchekesha. Dada alikuja katikati yao, kilemba cha samawati, ametoa mashavu yote mawili nje.

Bibi wa mkoba wa ngozi alimtazama Dada, akatazama fremu mikononi mwa Fundi, akatazama sakafu.

"Dada, nilikuahidi," alisema Fundi. "Nilikuwa nimeshona. Walahi nilikuwa nimeshona."

Dada alichukua fremu akaisoma ile karatasi. Aliisoma polepole, ingawa ilikuwa na neno moja na jina la mdogo wake. Kisha akaenda kwenye shuka, akalipitia lote, utando wa buibui, ukoga, ndege, mikono, bila haraka, mpaka akafika kwenye tundu.

"Mikono yangu iko wapi?" aliuliza.

Bwana Lenzi alijitokeza, kifua mbele. "Dada yangu, usikasirike. Mikono ilikuwa inapunguza nguvu ya picha. Uso wako ndio unaosema."

"Mimi nina mdomo," alisema Dada. "Nikitaka kusema, nasema."

Akamkabidhi ile fremu, akazunguka nyuma ya shuka. Kwa muda ilionekana miguu yake tu, viatu vyeupe. Tundu lilikuwa usawa wa kifua chake, ikambidi apinde magoti. Kilemba kikatokeza, kisha uso wote, kovu na jicho na shavu zima, kisha mikono miwili, huku na huku, ikashika kingo zile zilizofumuka nyuzi na kuzivuta zikanyooka. Ubavuni pake, kwenye picha ya nane, Mama Pacha alikuwa anavuta upande wake. Kati yao shuka lilikaza.

"Haya," alisema Dada. "Nimefika. Nani alikuwa ananitazama?"

Kuitazama picha ni rahisi, haikutazami. Hii ya saba ilikuwa inapepesa macho.

"Wewe mama wa mkoba, karibu," alisema Dada. "Sogea, siumi. Ukimaliza kunitazama mimi, mtazame na huyu mwenzangu hapa, halafu wale ndege juu. Usiwaruke."

Bibi yule alisogea. Uso ulimwiva kwa haya, lakini alisogea, na alipofika kwenye ukoga wa mtaroni aliinama akauliza ni msitu wa wapi. Mzee wa Boila akamwambia ni msitu wake, unamwagiliwa kwa maji machafu kila siku, na kama anataka kuutembelea aje na viatu vya kazi. Mama Pacha wa kweli alicheka akajishika mbavu. Wafuaji wakalizunguka shuka, kila mmoja akimwonyesha mgeni mikono yake: hii hapa, ya tano, ile yenye pete. Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Alitoa sindano mkobani, akaanza kushika zile nyuzi zilizokuwa zinafumuka, uzi mmoja mmoja, karibu kabisa na vidole vya dada yake.

"Magoti yako je?" alimnong'oneza.

"Yanauma. Shona."

Bwana Lenzi, hata yeye, ana macho. Aliiweka ile fremu kwenye kiti, kifudifudi, akainua kamera yake, akailenga kwenye tundu.

"Unafanya nini?" aliuliza Dada.

"Naomba... naomba nipige. Hii sijawahi kuiona."

"Piga. Lakini ukipiga, piga shuka zima."

Bwana Lenzi alirudi nyuma hatua moja, akachungulia. Akarudi ya pili. Watu hawakumpisha, akawa anapenya kisogo kisogo, akawagonga, akaomba radhi, akapita machweo yote tisa, akafika mlangoni.

"Sasa?" alipaza sauti.

"Mama Pacha anaonekana?" aliuliza Dada.

"Nusu."

"Basi bado. Rudi nyuma tena."