Uzi wa Pete ya Kamanthe

"Hiyo pete lazima itoke, mama," nesi alisema. "Huingii thieta ya upasuaji nayo."

Kamanthe alikitazama kidole chake. Nyama ilikuwa imeimeza pete aliyovishwa na marehemu mumewe Nzomo, ukabaki mstari mwembamba tu wa dhahabu. Kwa miaka mingi mikono ilikuwa imenenepa na viatu kumkataa, na watu wa Kithimani wakisema ujane umempenda. Kumbe ni uvimbe mdogo kama punje ya mbaazi, chini ya ubongo, kwenye tezi iitwayo pituitari, uliokuwa ukiuamuru mwili ukue tu.

"Basi tutaikata."

"Kateni kidole. Vidole niko na kumi, pete ni moja."

Nesi alicheka, akaleta sabuni na uzi. Alipitisha ncha ya uzi chini ya pete, akauzungusha kidoleni kwa kubana, kisha akaanza kuufungua polepole. Pete ikapanda nao mpaka ikatoka. Mukai, bintiye Kamanthe, akaifunga kwenye leso pamoja na ule uzi.

"Ikirudi kidoleni bila kusukumwa," daktari wa upasuaji alisema, "tutajua mambo yanaenda vizuri. Halafu damu itathibitisha."

"Na mtapitia wapi huko ndani?"

"Puani. Fuvu hatulifungui kwa juu."

"Hata pua imenenepa, daktari. Hamtakosa njia."

Dawa ya usingizi ilipoingia alikuwa ameanza Baba Yetu. Hakufika kwenye mkate wa kila siku.

Alizinduka pua zimezibwa, anapumulia mdomo, ulimi mkavu kama gunia. Kichwa kilimgonga. Daktari alimwinulia mkono machoni, kuona kama macho yako sawa.

"Vidole vingapi?"

"Viwili. Na kucha moja hujakata."

Manesi walipima kila kikombe alichokunywa na kila mkojo aliotoa. Aliona haya, mpaka akaelezwa kwamba tezi hiyo ndiyo huzuia maji ya mwili yasipotee, na baada ya upasuaji inaweza kusahau kazi. Alipotolewa pamba puani alimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikaitikia amina.

Akaruhusiwa kwenda nyumbani na masharti yake. Asipenge kamasi. Asiiname. Asibebe mtungi. Chafya ikija, afungue mdomo. Tembe za asubuhi asiziruke. Pua ikichuruzika maji maangavu, au kiu na mkojo visipokoma, arudi mbio.

Kila kulipokucha aliijaribu pete, na kila mara iligoma kwenye kifundo. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona, alishindwa kungoja waondoke.

"Mukai, leta leso!"

Muringo, mmoja wao, jirani yake muuza nafaka, akaweka kikombe chini. Pete ilifika kwenye kifundo. Ikasita. Ikapita yenyewe.

Vigelegele vilipasua sebule. Kamanthe akarusha mkono juu, "Bwana asifiwe!", na pete ikamchomoka, ikabiringika chini ya kochi. Akaanza kuifuata.

"Mwaitu! Mama, usiiname!" Mukai alipiga kelele.

Kamanthe akasimama wima kama nguzo, miguu ikicheza mahali pamoja. "Basi nani ataitoa?"

Muringo alikuwa tayari amepiga magoti na suti yake ya kanisa. "Mama Mukai, mimi nilikuja chai, sikuja kufagia na tumbo!" Akatokea na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa, pete mkononi. "Chukua. Na utuombe radhi."

"Niombe radhi ya nini? Imeanguka! Mmeiona? Imeanguka yenyewe!"

Machozi yakamshuka mpaka puani. Akashika leso.

"Futa tu, Mwaitu, usipenge!"

Mukai akachukua uzi wa hospitali, akauzungusha kwenye pete mara kadhaa, akamvisha mama yake. Safari hii ikakaa.

"Kaza zaidi," Kamanthe alisema. "Kidole bado kinapungua, na siku ya kliniki nataka daktari aikute hapo."